Gunzi, Kibuyu na Siku ya Chanjo

Mwaka jana gari la chanjo ya kichaa cha mbwa lilifika kwenye uwanja wa shule moja nje kidogo ya Mugumu, wilayani Serengeti. Niliwahi na mbwa wangu, akachomwa mapema, nikabaki chini ya mti kuwaangalia wengine. Mbwa waliletwa kwa kila namna. Wapo waliofungwa minyororo ya ng'ombe, wapo wa kamba za katani, wapo waliobebwa ndani ya viroba wakiwa wametoa vichwa tu. Wanaume wazima walivutana nao mpaka vumbi likatimka. Kadhaa walichomoka kwenye kamba, wakakimbilia shamba la mahindi kabla ya sindano, na wenye mbwa wakarudi nyumbani mikono mitupu.

Katikati ya vurugu hiyo akaja mtoto wa darasa la tatu au la nne hivi, na jike la rangi ya majani makavu. Alilifunga kamba, lakini kamba ilikuwa imelegea. Walipofika mbele ya mchanjaji, mtoto alitoa mfukoni kitambaa kilichofungwa fundo, kimeloa mafuta ya dagaa na kuwa cheusi. Akakishika mbele ya pua ya mbwa, mkono wa pili akaupitisha shingoni. Jike lile lilikazia macho fundo. Sindano ikaingia na kutoka, wala halikugeuza kichwa.

"Mdogo wangu, nani kakufundisha?" mchanjaji aliuliza.

"Hakuna mtu. Huwa tunacheza naye hivi."

Mzee mmoja aliyekaa karibu nami hakupendezwa. Alisema watoto wa siku hizi wanawaharibu mbwa kwa michezo, na kwamba mbwa akizoea kuchezewa hatakuwa na ukali wa kulinda boma usiku. Wengine waliitikia. Ni hoja niliyoisikia tangu utotoni, nami kwa heshima zote naikataa. Niliyoyaona mwenyewe, kwanza Tarime nilikozaliwa, kisha Serengeti nilikofundisha mpaka nikastaafu, yananiambia vingine.

Nyumbani kwetu ni upande wa milimani, kule ambako Tarime ina baridi, migomba na mibuni. Nilikua wakati mpaka wa Kenya umefungwa. Ulifungwa mwaka 1977, ukafunguliwa 1983, na katikati hapo vita vya Kagera viliacha maduka matupu. Sabuni ilikuwa ya kutafuta, na nguo ilivaliwa mpaka ikawa haina pa kushonea tena. Hata kitambaa cha fundo kama kile cha mtoto wa uwanjani kisingepatikana bure, maana tambara lilikuwa na kazi: kushikia sufuria, kubebea mtoto, kuziba dirisha. Kwa hiyo kila tulichowatengenezea wanyama kilitoka jikoni, hasa kwenye mahindi.

Tulikuwa na paka. Hakuna aliyemfuga kwa mapenzi tu; kazi yake ilikuwa kihenge. Panya wakiingia kwenye kihenge mwezi wa saba, kufika mwezi wa pili mnakula mabua. Paka huyo alipozaa, bibi hakuruhusu mtu yeyote aguse watoto mpaka wafumbue macho na waanze kutoka wenyewe kwenye kapu. Walipotoka, yeye ndiye aliyetupa kazi. Alichukua gunzi lililokwisha kupukuchuliwa, akalivunja kipande cha kama kidole, akalifunga maganda makavu ya mahindi mkiani yachanue, kisha akalining'iniza kwa kamba ya mgomba kwenye mwimo wa mlango wa jiko. Lilikaa juu kidogo ya kichwa cha paka mdogo. Upepo ukipita, maganda yanachakacha.

Mchakacho ule ndio uliokuwa siri. Mtoto wa paka alikuwa analala chali karibu na mafiga, na maganda yakilia tu, masikio yanageuka kabla ya kichwa. Halafu anajikunja, anatikisa makalio, anaruka. Bibi alikuwa akipeta mtama na kututazama. Akasema, "Mwacheni ajifunze. Panya wa kwanza asiwe ndiye mwalimu wake." Baada ya wiki kadhaa alituagiza tuliondoe gunzi mlangoni na kulivuta chini, polepole, kisha ghafla, kisha tulifiche nyuma ya kuni. Alitaka paka ajue kusubiri.

Nilipokuja kusoma, miaka mingi baadaye, kwamba mchezo wa paka ni mawindo hasa, kukodolea, kunyemelea, kurukia na kuuma, sikushangaa. Jambo lililonikaa ni kwamba bibi alijali sana mwisho wa mchezo. Hakupenda tuondoke tukiwa tumemnyima paka kukamata. "Mpe alishike," alisema, na paka alipolikumbatia gunzi kwa miguu yote minne na kulipiga mateke, ndipo alipotupatia kipande kidogo cha dagaa cha kumpa. Mnyama aliyekimbiza bila kupata kitu huchoka roho. Tulilijua hilo kwa sababu tulikuwa tumeambiwa tuangalie.

Kaka yangu alikuwa na sungura. Alijenga kibanda cha fito na mabanzi nyuma ya jiko, na kila baada ya muda mfupi fito zililiwa. Watu wakasema sungura hao wana njaa, akawaongezea majani, na bado wakaguguna nguzo. Sungura mmoja hakuguguna. Alikaa pembeni, akapungua, na tulipomfumbua mdomo tukakuta meno ya mbele yamejikunja kwa ndani, hata jani hakuweza kulikata. Meno ya sungura hayaachi kukua maisha yake yote. Kwa mwaka mmoja jino la mbele laweza kuongezeka zaidi ya sentimeta 10. Lazima yasagwe kila siku, na kinachoyasaga ni majani magumu, nyasi na vijiti, chakula cha kutafunwa kwa muda mrefu. Pumba na masalio laini ya ugali hujaza tumbo na kuyaacha meno bila kazi.

Ndipo tulipoanza kufunga vifurushi. Unachukua maganda makubwa ya mahindi, yale ya nje yaliyokauka, unayapanga kama bakuli, unatia ndani majani ya mashona nguo na nyasi, unafunga kwa kamba ya mgomba, unatundika juu kiasi cha sungura kusimama kwa miguu ya nyuma. Anavuta, kifurushi kinacheza, anavuta tena. Kazi ya kula inayochukua dakika chache ikawa ya asubuhi nzima. Fito za kibanda zikapumzika. Wale sungura walikuwa wa kuuzwa na kuliwa, na bado sioni kwa nini mnyama wa kuliwa aishi akiangalia ukuta. Sheria yetu ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008 inakubaliana nami, na nchi nyingi sasa zinahesabu uhuru wa mnyama kufanya matendo yake ya asili pamoja na uhuru wa kutosikia njaa na kiu. Orodha hiyo ya uhuru wa aina tano iliandikwa Uingereza mwaka 1979. Nyumbani, mwaka uleule au karibu na hapo, ilikuwa imetundikwa kibandani kwa kamba ya mgomba.

Sasa mbwa. Wa kwetu walikuwa wa kuchunga na kulinda, na katika miaka ile ya wizi wa ng'ombe, mbwa alikuwa sehemu ya ulinzi wa mji. Hakuna aliyewapeti. Lakini watoto wa mbwa walikuwa mikononi mwetu sisi watoto wa watu, kwa sababu wakubwa hawakuwa na muda nao, na hapo ndipo kibuyu kilipopata kazi. Kibuyu kikipasuka mdomo hakifai tena kutunzia maziwa. Mama alitupatia. Tulikitoboa tundu moja ubavuni, pana kidogo kuliko kidole gumba, tukalisugua kwenye jiwe mpaka kingo zikawa laini. Ndani tukatia ukoko wa ugali uliokauka na kuvunjwavunjwa.

Ukimwekea mtoto wa mbwa kibuyu hicho, kwanza ananusa tundu, anaingiza ulimi, haupati kitu. Analia kidogo. Anakipiga kwa mguu, kinabiringika, na kipande cha ukoko kinadondoka. Hapo utamwona anasimama, anatazama kipande, anatazama kibuyu. Anakula kipande. Anakipiga kibuyu tena. Baada ya muda haendi kwa kubahatisha: anakisukuma kwa pua mpaka kwenye mteremko wa uani, anakiacha kishuke chenyewe, anakifuata nyuma akiokota. Mbwa wetu mmoja alijifunza kukipeleka kwenye mzizi wa mti ili kigonge. Mnyama huyo huyo ndiye aliyekuja kuwa hodari wa kurudisha ng'ombe waliopotea, na wezi walimfahamu. Ukali haukupungua hata chembe. Alijua nani mgeni na nani mwenyeji kwa sababu wenyeji walikuwa wamekaa naye chini tangu akiwa na meno ya utoto.

Meno hayo nayo yana habari yake. Mbwa huanza na meno 28, kisha kati ya mwezi wa tatu na wa saba hivi yanang'oka na kutoa nafasi kwa 42 ya ukubwani. Miezi hiyo anatafuna kila kitu: kandambili, mpini wa jembe, mkia wa ndama. Watu wengi humpiga. Sisi tulisuka kamba nene ya katani, mafundo mawili, tukailoweka kwenye maji ya kuoshea sufuria ya mchuzi. Kandambili zikapona.

Nisifiche upande wa pili, maana jikoni hakutoki mema tupu. Msimu mmoja wa mahindi mabichi, mbwa wa jirani alimeza kipande cha gunzi chenye mafuta kilichotupwa uani. Siku ya kwanza alitapika, siku zilizofuata hakula, tumbo likawa gumu. Bwana mifugo alipofika alimpapasa akasema kitu kimeziba utumbo, na pale hapakuwa na wa kumpasua. Alikufa. Gunzi haliyeyuki tumboni mwa mbwa, na mbwa hatafuni kama sungura, anameza. Tangu hapo, kwetu, gunzi lilikuwa la paka peke yake, tena likiwa limetundikwa na kuondolewa jioni pamoja na kamba yake, kwa sababu paka akimeza uzi, uzi huo hukunja utumbo na kuukata. Mifupa ya kuku iliyopikwa hupasuka vipande vyenye ncha. Vitunguu huharibu damu ya mbwa na ya paka, viwe vibichi au vya kwenye mchuzi. Parachichi, tunda na majani yake, ni sumu kwa sungura, nami nasisitiza hili kwa sababu Tarime parachichi zimejaa na watoto hudhani kila kijani ni chakula. Makopo ya mafuta ya Kimbo yaliyopita mpakani kwa magendo tuliyapenda sana kwa kutengenezea magari yetu ya kuchezea, lakini kingo zake zilikuwa wembe, na mama alikataa mnyama apewe kopo ambalo hajaligonga kingo kwa nyundo. Alikuwa sahihi.

Nilipopelekwa kufundisha wilaya ya Serengeti, miaka ya 1990, nilikuta habari ya mbwa ina uzito mwingine. Huku boma na hifadhi vimekaribiana, na vijiji kama Robanda na Natta vinasikia fisi usiku. Mwaka 1994 ugonjwa wa virusi unaowapata mbwa, ule wa kutoa makamasi na kutetemeka mwili, uliingia kwa simba wa Serengeti. Takriban theluthi moja ya simba walikufa, karibu 1,000, na wataalamu wakaelekeza macho kwa mbwa wa vijijini wanaoizunguka hifadhi. Kichaa cha mbwa nacho kilikuwepo, na hicho kilichukua watu.

Kati ya 1996 na 2001 mbwa wa wilaya yetu walichanjwa kwa awamu, katika kazi aliyoiongoza mtaalamu wa mifugo Sarah Cleaveland pamoja na wenzake Watanzania na wageni. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2003 yalionyesha kwamba kichaa cha mbwa kilipungua kwa asilimia 70 baada ya awamu ya kwanza, na kwa asilimia 97 baada ya ya pili. Kiwango kinachotakiwa ni kuchanja mbwa 7 katika kila 10. Ukishuka chini sana ya hapo, ugonjwa unapata njia.

Nilikuwa nawatangazia wanafunzi tarehe za chanjo mstarini asubuhi. Na hapo ndipo nilipoona jambo ambalo kwenye takwimu halionekani kirahisi: waliofika na mbwa walikuwa watoto. Baba yuko machungani au mgodini, mama yuko shambani. Mtoto ndiye aliyeweza kumshika mbwa bila kuumwa, kwa kuwa ndiye aliyekuwa akimpa ukoko. Nyumba ambayo mbwa hakuwahi kuguswa na mtu ila kwa jiwe, mbwa wake hakufika uwanjani, hata kama mwenye nyumba alitaka kwa moyo wote. Kwa hiyo ninaposikia kwamba mchezo unaharibu mbwa, nauliza: mbwa asiyeshikika atachanjwa na nani?

Lakini hofu ya wazazi naielewa, na sitaipuuza. Walioumwa na mbwa wenye kichaa, wengi ni watoto, na dalili zikishaanza kwa binadamu, karibu hakuna anayepona. Mwanafunzi wangu mmoja aliumwa na mbwa mdogo aliyekuwa akicheza naye. Hakusema nyumbani kwa kuogopa kipigo, na pia kwa kuwa alidhani mbwa mdogo hana ugonjwa. Mwenzake ndiye aliyeniambia. Tulimwosha kidonda kwa sabuni kwenye bomba la shule kwa muda mrefu, tukampeleka hospitali, akapata sindano zake zote, na leo ni baba wa watoto. Imani ile ya kwamba mbwa mchanga ni salama ndiyo inayowafanya watu wengi wawaache watoto wa mbwa nyumbani siku ya chanjo, wakisema bado ni wadogo. Ndio hao hao wanaolala na kucheza na watoto wetu.

Jinsi mchezo unavyomfunza mnyama niliuona tena baadaye nilipopita Morogoro, kwenye Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, ambako shirika la APOPO hufunza panya buku kunusa mabomu ya ardhini na vijidudu vya kifua kikuu kwenye makohozi. Panya hulipwa ndizi na karanga kila anapopatia, na anarudi kazini kwa hamu. Mmoja wao, Magawa, aliyezaliwa hapa Tanzania, aligundua mabomu 71 na vilipuzi vingine 38 kule Kambodia, na mwaka 2020 alipewa medali ya dhahabu kutoka Uingereza. Nilimfikiria mbwa wetu na kibuyu chake. Akili ya mnyama hukua anapotafuta kitu, akakipata kwa bidii yake, na kuna binadamu mtulivu karibu.

Mambo yamebadilika. Tangu tarehe 1 Juni 2019 mifuko ya rambo ilipopigwa marufuku, hata mipira ya chandimu imerudi kuwa ya matambara, na nashukuru, kwani mbuzi na mbwa wengi walikufa na plastiki tumboni. Vitambaa siku hizi vipo tele kwa sababu ya mitumba. Mijini kuna maduka yanayouza vinyago vya mpira vya paka na mbwa, na sina ubaya navyo. Ninachosikitikia ni mtoto wa Tarime au wa Mugumu kuambiwa kwamba kama hana hela ya kinyago, hana la kufanya na mnyama zaidi ya kumfunga kamba. Jikoni kwao kuna ukoko, kuna maganda ya mahindi, na kibuyu hakikosekani.

Wazazi wenzangu, waachieni watoto hiyo kazi, na mkae nao kidogo mwanzoni muwaonyeshe kipi ni cha mnyama yupi. Gari la chanjo litakapotangazwa tena, watoto ndio walete mbwa, wakubwa wakiwasindikiza, na watoto wa mbwa waletwe pia hata kama hawajafikisha miezi mitatu, kwani chanjo yawafaa. Na mtoto akiumwa au kukwaruzwa, na mbwa wa nyumbani au wa kupita, asipigwe. Aoshwe kidonda kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha apelekwe hospitali siku hiyo hiyo.